Zabibu za Moto na Jibini

Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ila wengi wetu zabibu tunaijua kwa sura mbili tu: fungu la kando ya barabara na chupa ya mvinyo. Mimi huziweka kikaangoni.

Chukua viganja viwili vya zabibu nyekundu za Makutupora, kijiko cha asali ya Manyoni, moto mdogo wa mkaa. Zikianza kupasuka na kuchuruza maji, zimwagie juu ya vipande vya jibini, ule na mkate uliobanikwa. Dakika kumi tu, basi. Mbegu utatema mwenyewe.

Mama mkwe wangu, Mgogo aliyekulia kwenye zizi na maziwa mgando, analima zabibu Hombolo. Msimu mmoja mnunuzi hakutokea, na zabibu haina subira. Nyingi ziliozea shambani. Jioni ile nilimpikia zilizobaki. Alitafuna kimya.

“Kumbe maziwa nayo hutafunwa,” akasema. Kisha taratibu: “Mwanangu, miaka yote hii nazihesabu kwa kilo tu.”

Siku hizi, kabla mzani haujafika shambani, anatenga kwanza kikapu kimoja cha nyumbani.