Maziwa ya Siongiroi

Msafiri atokaye Kericho kwenda kusini hufuatana na mashamba ya chai kwa mwendo mrefu, mpaka apite Litein na Sotik. Huko mbele chai hupungua, mahindi na ng'ombe wakazidi. Ndiko iliko Siongiroi, katika nchi ya Chepalungu, ambayo zamani ilikuwa chini ya Wilaya ya Kericho na sasa imo katika Kaunti ya Bomet. Mvua ya huko si kama ya Kericho. Tegemeo la mkulima ni ng'ombe wake.

Maziwa hayakukosekana Siongiroi, bali soko. Ilipodhoofika kampuni ya KCC katika miaka ya 1990, mkulima alibaki mikononi mwa wachuuzi, naye akapokea bei waliyoitaka wao. Maziwa ya jioni yalinywewa nyumbani au kutiwa kibuyuni yawe mursik. Yaliyozidi yaliharibika kabla ya mapambazuko.

Mwanzoni mwa karne hii walipata msaada wa Heifer International, shirika la hisani la Marekani. Shirika hilo lilianza kwa kupeleka mitamba 17 katika kisiwa cha Puerto Rico mwaka 1944, kwa sharti kwamba apewaye amtoe ndama jike wa kwanza kwa jirani. Sharti hili lisingemshangaza mzee yeyote wa Kipsigis, kwa maana desturi ya kimanagan, yaani kumkabidhi rafiki ng'ombe amtunze na kunywa maziwa yake, ni ya kale kuliko shirika lenyewe.

Lakini tangi la kupozea maziwa halina ndama wa kumpa jirani. Basi wakulima walinunua hisa, mtambo ukawa wao. Mwanahisa aliyepeleka maziwa aliweza kuchukua dawa na chakula cha mifugo, au kulipia huduma ya kupandisha ng'ombe, na deni likakatwa katika malipo ya maziwa. Hata karo ya shule ikapata mahali pa kutoka, jambo ambalo mzazi yeyote atalielewa ifikapo Januari.

Mwaka 2008 wakfu wa Bill na Melinda Gates ulitoa zaidi ya dola milioni 42 ili utaratibu wa namna hii uenezwe Kenya, Uganda na Rwanda, ukikusudia jamaa 179,000. Wataalamu wa miti walikuwamo katika kazi hiyo, wakihimiza upandaji wa kaliandra, mti ambao majani yake hulisha ng'ombe na mizizi yake hurutubisha udongo. Kwa nchi iliyokwisha kupoteza sehemu kubwa ya msitu wa Chepalungu, mti wa malisho kando ya boma si jambo dogo.

Liko jambo moja ambalo wafadhili hawakulifikiria vya kutosha. Kwa desturi za huko, maziwa ya jioni ni ya mama mwenye nyumba: hulisha watoto, na yakibaki huuza apate senti za chumvi na sabuni. Maziwa yakienda mtamboni, fedha huingia katika hesabu ya mwenye hisa, naye mara nyingi ni mume. Mradi ulikuja kuhimiza wanawake waandikishwe kwa majina yao wenyewe. Baadhi ya waume walikubali. Wengine walitaka kwanza kujua ni nani atakayenunua chumvi.