Saa Saba Nilizosahau Kuzihesabu

Akina mama wenzangu, naomba niwasimulie kosa langu, huenda likamfaa mmoja wenu.

Mwezi Agosti 2019 binti yetu wa kwanza alisafiri kwenda New York kusomea uuguzi. Mimi sikutaka aende. Tulikwaruzana wiki nzima, na jioni ya safari nilibaki jikoni. Baba yake ndiye aliyemsindikiza uwanjani. Mtoto alipokuja kuniaga, nilimjibu bila kugeuka, "Haya, nenda."

Alikuwa ameniachia karatasi yenye saa za safari. Ndege ingeondoka Nairobi saa 5 usiku na kufika New York saa 1 asubuhi. Nikahesabu vidoleni: mwendo wa saa nane. Kumbe ni kama basi la Mombasa tu!

Saa 1 asubuhi nilishika simu. Kimya. Saa 3, kimya. Kufikia saa 5 nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, nikilia. Niliogopa kwamba neno la mwisho ambalo mwanangu alilisikia kutoka kwangu ni lile la jikoni.

Mume wangu alipokuja kula chakula cha mchana alinikuta katika hali hiyo. Akaisoma ile karatasi, akaketi karibu nami. "Mama watoto, hiyo saa 1 ni ya kwao, si yetu."

Akanieleza kwamba tiketi huandika saa za kila mji. Mwezi wa Agosti New York iko nyuma yetu kwa saa 7. Saa 1 asubuhi ya huko ni saa 8 mchana huku kwetu. Safari yenyewe ni karibu kilomita 11,800, zaidi ya kwenda Mombasa na kurudi mara 12 kwa barabara. Ndege ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda. Kurudi ni kama saa 14, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma.

Saa 9 mchana simu ikalia. "Mama, nimefika." Kabla ya kuuliza habari za safari, niliomba msamaha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, nilidhani hutaki hata kunisikia."

Dada yangu, mtoto wako akisafiri mbali, uliza atafika saa ngapi kwa saa za nyumbani, kisha ongeza saa nzima ya kukaguliwa pasipoti na kungoja mizigo. Kama ni New York, kumbuka kwamba kuanzia Novemba hadi Machi tofauti huwa saa 8, maana wao hurudisha saa zao nyuma.

Na zaidi ya yote, acha sufuria, umkumbatie. Hesabu ya saa niliisahihisha siku ile ile. Ile jioni ya jikoni sijaweza kuirudia.