Baiskeli ya Mikono: Kutoka Migori hadi Homa Bay

Atokaye Migori kwenda Homa Bay hufuata barabara kuu hadi Rongo, penye mashamba ya miwa, kisha hushika njia ya kushoto iteremkayo hadi Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria. Katika safari hiyo, Alhamdulillahi, tulimkuta dada yetu mmoja, aliyepooza miguu tangu utotoni, akifunzwa kuendesha baiskeli ya magurudumu matatu izungushwayo kwa mikono.

Fundi alianza na kiti. Mkono ufikapo mbali kabisa na kifua, kiwiko hakina budi kubaki kimekunjika kidogo. Kikinyooka, bega huchoka mapema. Akakaza mnyororo, akapima upepo wa magurudumu ya nyuma uwe sawa, maana moja likilegea baiskeli huvuta upande. Dada mwenyewe akakusanya pindo za buibui, akazikalia, zisinaswe.

Mikono izungushayo ndiyo hiyo hiyo ielekezayo gurudumu la mbele, basi mwanafunzi hujifunza kupinda polepole. Na kwa kuwa Homa Bay barabara zateremkia ziwani, breki huvutwa kabla ya mteremko.

Wako wanaodhani kuendesha kwa kuketi na kuegemea ni unyonge. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, juu ya baiskeli ya kuegemea iliyoundwa na Charles Mochet, alikwenda zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja, akavunja rekodi. Mwaka 1934 shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli likaitenga na mashindano yake.

Nasi watu wa pwani twaijua Bombolulu, Mombasa, ambako tangu 1969 watu wenye ulemavu hujipatia riziki kwa kazi za mikono.

Siku ya darsa ya akina mama, dada yule alifika msikitini kwa nguvu zake, kabla ya wengi wenye miguu mizima. Ngazi tatu za mlangoni zikamsimamisha. Wenzake wawili wakambeba. Akashukuru, huku ameinamisha uso.

Abdullahi bin Ummi Maktum, Allah amridhie, alikuwa kipofu, naye aliadhini katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) kama alivyoadhini Bilali. Mlango haukufungwa mbele yake. Mifuko michache ya saruji yatosha kujenga njia ya mteremko kando ya ngazi. Kamati zetu za misikiti, na akina mama wachangao kila wiki, walitazame jambo hili kabla ya kununua zulia jipya.

Wabillahi tawfiq.