Kwa Mwanangu wa Morogoro

Kidahwe, Kigoma
Januari 2026

Mwanangu mpendwa,

Huku kwetu mvua inanyesha, na muhogo wa baba yako kule bondeni unapendeza. Nimepokea insha uliyoandika kuhusu matumizi ya teknolojia katika masomo yako, pamoja na ile kazi ya michikichi uliyoiambatanisha. Nimezisoma zote, na ya michikichi nimeirudia. Umeniomba nikuambie ninavyoona. Nitakuambia waziwazi, maana wewe ni mtoto wa kaka yangu, na shangazi asiposema atasema nani?

Insha imenifurahisha kwa ukweli wake. Umeeleza kwamba slaidi za mihadhara zinawafikia kupitia kundi la WhatsApp la darasa, kwamba bando likikatika kabla ya bumu la mkopo kuingia unabaki nyuma ya wenzako, na kwamba ile programu ya akili mnemba unaiuliza hata yale ya kumuuliza mhadhiri. Hukuficha pia kwamba asaimenti ya michikichi sehemu kubwa umeandikiwa nayo. Hilo ndilo lililonikalisha chini kukuandikia.

Kiingereza cha kazi ile kimenyooka kuliko changu, nami nilifundisha hadi nikastaafu. Lakini nilipofika pale panaposema mkulima apunguze gharama kwa kuchukua mbegu kwenye mti wake bora wa Tenera na kuziotesha mwenyewe, niliweka karatasi chini. Mwanangu, hayo yameandikwa kwa jina lako, na wewe umezaliwa Kigoma.

Tenera ni chotara wa Dura na Pisifera. Dura ndiyo michikichi ya babu zetu: kokwa lake lina ganda nene na nyama yake ni kidogo. Pisifera haina ganda hilo, lakini kwa kawaida mikungu yake haikomai. Ukizikutanisha, unapata Tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi ya kukamua mawese. Sasa mkulima akiotesha mbegu za Tenera iliyochavushwa na Tenera nyingine, robo ya miche itarudi kuwa Dura, nusu itakuwa Tenera, na robo iliyobaki itakuwa Pisifera isiyomfaa kitu. Na hapo tunadhani chavua ni ya Tenera. Katika mashamba yetu haya inatoka popote, hata kwenye Dura ya jirani. Atapalilia, atangoja miaka mitatu au minne, ndipo aone alichopanda. Ndiyo sababu mbegu inazalishwa kituoni kwa kuchavusha wazazi waliochaguliwa. Kituo hicho hakiko Malaysia, kiko hapa Kigoma, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, na tangu mwaka 2018 Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipoanza kulisukuma zao hili, wakulima wengi wamekwenda kuchukua miche huko. Baba yako hajui neno chotara kwa Kiingereza, lakini mche wa kuokota chini ya mti hapandi.

Silaumu programu. Imekusanya maneno ya watu wengi na kuyapanga yakapangika. Haina shamba la kupoteza, wala haitakutana na huyo mkulima gulioni. Utakayekutana naye ni wewe, kwa sababu ukimaliza SUA, chuo chako cha kilimo, utaitwa bibi shamba, na kuna watu watapanda ekari zao kwa kauli yako.

Ngoja nikupe mfano wa teknolojia ya enzi zetu. Mwaka 1973 mimi nilikuwa mtoto. Watu walikuwa wametoka kuhamishiwa vijijini katika Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka uliotangulia, na wengine bado walikuwa wanaezeka. Ndipo ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilikuwa inatangaza vipindi kwa wiki 12, nchi nzima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imetayarisha vitabu vya kwenda navyo. Waliandaliwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na watu kama milioni 2 walishiriki. Babu yako alikuwa katika kikundi. Redio ilikuwa moja, mawe yake, yaani betri, yalitunzwa kwa ajili ya kipindi tu, hapakuwa na muziki. Watu walikaa, wakasikiliza, kisha redio ikazimwa.

Hapo redio ilipozimwa ndipo somo lilipoanza. Anayejua kusoma aliwasomea wenzake kitabu. Nakumbuka wazee wakibishana kuhusu maji ya mto, kama kweli yana ugonjwa au ni maneno ya mjini, na mama mmoja aliyesema kwamba kuni za kuchemshia maji hazitachanjwa na redio. Walibishana mpaka wakakubaliana la kufanya wiki hiyo, na wiki hiyo likafanywa: vyoo vikachimbwa, vichaka na madimbwi karibu na nyumba yakaondolewa, na wiki iliyofuata mtu aliulizwa mbele ya wenzake amefikia wapi. Kumbuka kwamba mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma. Wengi wa waliokaa kwenye vikundi vile hawakuwa na hata daftari, lakini walitoka wanajua kwa nini wanachimba.

Ivory Coast nao, miaka hiyohiyo, waliingia kwenye teknolojia ya gharama kubwa zaidi. Kuanzia 1971 waliweka televisheni katika shule za msingi, masomo yakawa yanatoka studioni. Kufikia 1982 mpango ulifungwa. Gharama zilikuwa nzito, na walimu na wazazi wengi hawakuwa wameupokea kama kitu chao. Ninapowasikia watu wakisema kompyuta kwa kila mtoto itamaliza matatizo ya shule zetu, huwa nafikiria televisheni zile.

Usinielewe kwamba nakurudisha kwenye ubao na chaki. Shahada yangu nimeipata Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini, na bila chuo kile, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, mwalimu wa kijijini Kigoma mwenye watoto asingekanyaga chuo kikuu. Vitabu vilinifikia huku, nikasoma kwa kibatari. Natamani ningekuwa na hiyo simu yako! Makala ambayo mimi niliisubiri miezi, wewe unaifungua umelala. Tena nakumbuka Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona hadi mwishoni mwa Juni, wewe ukiwa kidato cha tatu, nyumba nzima ikiwa na simu janja moja, ya baba yako, naye akiondoka nayo asubuhi. Wenzako wa Dar walisoma. Wewe ulikaa. Anayebeza teknolojia hajawahi kuwa mtoto wa Kidahwe mwaka ule. Bando nitaendelea kukutumia.

Ila teknolojia hii imetufikia kwa kishindo. Mkoa wetu ulianza kuingia kwenye gridi ya taifa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, na Novemba ya mwaka huohuo ChatGPT ikatolewa kwa watu wote. Leo njia ya kilovoti 400 kutoka Nyakanazi inaishia hapahapa Kidahwe. Wengine walikuwa na miaka ya kuzoea taa, kisha kompyuta, kisha intaneti. Ninyi mmepokea vyote mkiwa bado mnasoma, na hakuna mkubwa nyumbani aliyevizoea kiasi cha kuwaonyesha mipaka yake. Sisi tunaweza kuwapa yale tunayoyajua tu, na mimi najua namna somo linavyoingia kichwani. Linaingia pale unapokwama. Ukikaa na ukurasa mtupu, ukaandika sentensi mbovu, ukaifuta, ukaona kwamba hujui tofauti ya Dura na Tenera, hapo umeanza kujifunza. Programu ikikuondolea kukwama huko, imekuondolea na somo lenyewe, na wewe huwezi kugundua, kwa kuwa kazi imepata alama.

Kwa hiyo andika kwanza wewe, hata kama ni ukurasa mmoja wenye makosa. Kisha iulize programu, ubishane nayo. Ikikutajia kitabu au makala, nyanyuka uende Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iko hapo hapo chuoni, uhakikishe kwamba kipo na kinasema hivyo. Programu hizi hutunga hata majina ya vitabu. Na mnapopiga msuli na wenzako, simu zizimwe kwa muda mwelezane kwa midomo. Madesa ya kunakili kwa wengine yalikuwepo hata zamani zetu, na aliyeishi kwa madesa tulimjua siku ya kwanza aliposimama mbele ya darasa kufundisha.

Kuna jambo moja gumu zaidi. Nataka uende kwa mhadhiri wako, umwambie kazi ile ilivyoandikwa, na umwombe uirudie. Najua unaweza kupunguziwa alama, pengine zaidi ya hapo. Nimelifikiria usiku mzima kabla ya kuliandika, kwa sababu mkopo wako ni wa kulipwa na baba yako anahesabu miaka iliyobaki. Hata hivyo nakuomba uende. Wewe ni mkweli, insha yako imeonyesha hivyo, na sitaki ukweli huo uishie kwenye insha uliyomtumia shangazi.

Ukipangiwa mafunzo ya vitendo, omba Kihinga. Utalala nyumbani, mabasi ya mjini yanapita mlangoni kama unavyojua. Nimewaambia majirani kwamba una kazi ya michikichi unayoirudia, nao wamenipa maswali. Mmoja ana miti aliyoibananisha, majani yanagusana, anauliza ang'oe baadhi au aiache. Wa pili anataka kujua kwa miaka mingapi anaweza kuendelea kupanda muhogo katikati ya miche. Wa tatu, yule mama wa mashine ya kukamulia, anauliza mikungu ikikaa siku ngapi baada ya kukatwa ndipo mafuta yanaharibika. Mimi sikuwajibu. Niandikie uliyoyapata, na ueleze umeyapata kwa nani.

Mimi shangazi yako nikupendaye