Karabai ya Laconia

Kutoka Manchester, New Hampshire, hadi Laconia ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, ukishika barabara ya I-93 kwenda kaskazini. Njiani hakuna mengi: misonobari, vituo vya mafuta, misonobari tena, kisha ziwa. Sikuwa nimepanga kwenda na mama. Nilikuwa nampeleka Idi, mwanangu wa miaka 13, kwenye jumba la michezo nililomwahidi tangu shule zifungwe. Mama akasema yeye si mzigo wa kuachwa ndani peke yake, akajitanda kanga, akawa wa kwanza kuingia garini.

Mama alikuja kututembelea kutoka Ujiji. Alipewa miezi sita, na zilikuwa zimebaki wiki mbili. Katika muda wote huo, maneno aliyozungumza na Idi ningeweza kuyahesabu kwa vidole: shikamoo, marahaba, umekula, ndiyo, asante. Idi aliondoka Kigoma akiwa na miaka minne. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kikifika mdomoni kinakwama. Akikosea anaona aibu, na akiona aibu ananyamaza. Wiki ya kwanza mama alijaribu utani wa bibi na mjukuu, akamwita "mume wangu" mbele ya rafiki zake. Mtoto wa Ujiji angejibu kwa kudai mahari irudishwe. Wangu alipanda ngazi, akafunga mlango wa chumba chake. Mama hakusema kitu, lakini hakurudia tena.

Kosa ni langu. Ukifanya kazi ya usiku unarudi umechoka, na mtoto akikujibu kwa Kiingereza unaona nafuu kumwendea hukohuko. Miaka tisa imepita hivyo.

Jumba lenyewe linaitwa Funspot, lipo sehemu ya Weirs Beach, karibu na Ziwa Winnipesaukee. Lilianzishwa mwaka 1952 na kijana aitwaye Bob Lawton. Kuingia ni bure. Unanunua tokeni, na kila mashine inakula tokeni zake. Chini kuna kelele za kawaida za watoto na zawadi za plastiki. Panda juu. Huko kuna makumbusho ya mashine za zamani, nyingi za miaka ya 1970 na 1980, ila ni makumbusho ambayo unaruhusiwa kushika kila kitu. Taa ni hafifu, na muziki ni wa miaka hiyohiyo. Mwenye umri wangu anaweza kusimama pale akasahau kilichomleta.

Idi alikwenda moja kwa moja kwenye gemu za vita vya anga, zile ambazo unaiona anga kama uko juu yake na chombo chako kiko chini ya skrini. Alianza na Space Invaders ya mwaka 1978. Ndiye aliyenieleza kwamba wale maadui wanaongeza kasi kadiri wanavyopungua kwa sababu ya udhaifu wa kompyuta ya wakati ule: wakiwa wengi ilielemewa kuwachora, wakipungua ikapata nafuu na kukimbia. Mtengenezaji wake, Tomohiro Nishikado, akaona inanoga, akaiacha hivyo.

Kisha tukafika kwenye Galaga.

Galaga ilitolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1981, na kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote pale. Chombo chako kinakwenda kushoto na kulia tu. Maadui wanaingia kwa misururu inayojipinda, nyuki na vipepeo, wanajipanga juu, halafu wanaanza kukushukia mmoja mmoja, wawili wawili, wakitema risasi. Ukiwa na chombo kimoja, risasi zako zinazoweza kuwa hewani ni mbili tu. Ukizikosesha, unasubiri zitoke juu ya skrini huku nyuki anakujia. Macho hayapati nafasi ya kupepesa.

Katika safu ya juu kabisa wamo wakubwa, wa kijani, ambao hawafi mpaka wapigwe mara mbili. Mmoja wao akashuka hadi katikati, akasimama, akamwaga mwanga chini uliotanuka kama sketi. Chombo cha Idi kikavutwa ndani yake, kikizunguka, hadi juu.

"Karabai hiyo," mama akasema nyuma yetu. "Anavua."

Idi akageuka. "Karabai ni nini?"

Nikafungua mdomo nimtafsirie. Mama akanipiga kiwiko.

"Taa," akamwambia. "Usiku hakuna mwezi, ziwa lote giza. Babu yako anawasha karabai juu ya mtumbwi. Dagaa wanaufuata mwanga, wanajaa. Chini yao kuna wavu. Wanaunyanyua."

Siku hizi wengi wanatumia taa za betri, lakini ukisimama ufukweni Kibirizi usiku usio na mwezi, bado utadhani kuna mji katikati ya Tanganyika. Marehemu baba alifanya kazi hiyo maisha yake yote, na mama ndiye aliyeanika dagaa hao mchangani. Idi alikuwa hajawahi kuniuliza babu yake alikuwa nani, na mimi sikuwahi kumwambia.

"Kwa hiyo mimi ni dagaa?" akauliza.

"Dagaa kabisa."

Akacheka. Kisha mama akasema naye anataka.

Vyombo vitatu vya kwanza havikumaliza hata dakika mbili. Idi akatia tokeni nyingine, akasimama ubavuni kwake. "Bibi, usipige-piga. Ngoja. Sasa!" Mama alikuwa anashika fimbo kama anaponda kisamvu. Mkubwa wa kijani aliposhuka, Idi akamwambia aende kwenye mwanga.

"Mimi? Niingie kwenye karabai kwa miguu yangu?"

"Ndiyo. Acha akuchukue. Halafu tuna... tuna..." Alitafuta neno mpaka akafumba macho. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. "Tunairudisha."

"Tunaikomboa," mama akasema.

"Tunaikomboa."

Ndivyo ilivyo kwenye Galaga: chombo kilichotekwa hubaki juu na mtekaji wake, kimegeuka chekundu. Umngoje ashuke nacho, umpige yeye, na chombo kinarudi kuungana na chako. Sasa una bunduki mbili, ingawa umekuwa mpana na ni rahisi kupigwa. Ukipiga vibaya unakiua kile ulichokuwa unakiokoa. Na ukitekwa huna kingine cha akiba, mchezo umekwisha palepale.

Mara ya kwanza mama alikiua. "Bibi, umejiua mwenyewe!" Idi alipiga kelele, watu wakageuka. Mara ya pili alipitiwa na nyuki. Mimi nilitumwa chini kununua tokeni, nikaenda kama mtoto wa dukani, nikarudi, hakuna aliyeniona.

Mara ya nne, mkubwa alishuka na mateka wake, Idi akanong'ona "bado, bado," mama akabonyeza mara mbili tu. Chombo kikazunguka, kikashuka taratibu, kikakaa kando ya kile kingine.

"Mimi na mume wangu," mama akasema.

Nikamwangalia Idi. Macho yake yalikuwa kwenye skrini. "Piga, bibi," akasema. "Wanakuja kushoto."

Mchezo ukiisha, Galaga inakuonyesha ulipiga risasi ngapi na ngapi zililenga. Asilimia ya mama ilikuwa juu kuliko ya Idi. Aliifanya amsomee mara mbili.

Jioni tulishuka hadi ziwani. Mama akaonja maji, akauliza mbona hakuna hata mtu mmoja anayejiandaa kwenda kuvua. Idi akaanza kumjibu, akakwama, akaanza upya. Niliwaacha, nikaenda kuleta gari.

Tokeni nne zilikuwa zimebaki. Mama alikwisha kuzifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwambia hazitumiki Ujiji. Akasema anajua.