Bolti Niliyoificha

Nianze na jambo lenyewe nisije nikalizungusha. Nilipokuwa nabadilisha mkono wa chini wa gari la dada yangu, uani kwetu Tanga, bolti moja ilinishinda. Nikaikata, na mahali pake nikaweka bolti ya duka la vifaa vya ujenzi. Sikumwambia. Gari lilipoanza kugonga, lawama zikamwendea fundi wa mtaani ambaye hakuwahi kuigusa bolti ile. Nilizisikia lawama hizo kwa masikio yangu, nikanyamaza. Wapo watu ambao mpaka leo wanaamini kwamba fundi yule ndiye aliyeharibu mguu wa gari lile, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Si yeye. Ni mimi.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, lililotumika kwanza huko kwao kabla ya kuja kwetu, kama magari mengi tunayoendesha. Kule kaskazini mwa Japani barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji, na gari lililokulia huko huja na kutu chini hata kama rangi yake ya juu inang'aa. Halafu linakuja kuishi Tanga, ambako upepo wa bahari una chumvi mwaka mzima. Mkono wa chini, ule ambao gerejini unaitwa loa amu, ndio unaoishikilia tairi isiende mbele wala nyuma. Unafungwa kwenye fremu kwa bolti zinazopita ndani ya bushi za raba. Bushi za gari la dada zilikuwa zimekufa. Alikwisha kununua mikono mipya yenye bushi zake, na alitaka kumpelekea fundi. Nikamwambia, "Dada, hela ya fundi weka. Hii kazi naiweza."

Upande wa kulia niliuweza kweli. Kushoto ndiko kulikonitoa jasho.

Watu wengi hudhani bolti inakwama kwenye nati. Nati yangu ilifunguka vizuri baada ya kuisugua kwa brashi ya waya na kuilowesha mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku. Kilichogoma ni bolti yenyewe. Ndani ya bushi kuna kibomba kifupi cha chuma, raba imegandishwa juu yake kiwandani, na bolti hupita katikati ya kibomba hicho. Nafasi kati ya viwili hivyo ni nyembamba sana, na maji ya chumvi yakiingia hapo hayana pa kutokea. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inajaza upenyo wote mpaka bolti na kibomba vinakuwa kitu kimoja. Ukizungusha spana, bolti inakwenda robo mzunguko, unafurahi. Ukiachia, inarudi ilipotoka. Ni raba tu iliyojinyonga ikajinyoosha. Hakuna kilichofunguka.

Hapo ndipo papara zilipoanza. Nilipiga ncha ya bolti kwa nyundo wakati nati nimeshaitoa, ncha ikabonyea na kutanuka, meno yakalala. Ilitakiwa niirudishe nati mpaka iwe sawa na ncha, nyundo ipige nati na meno yabaki salama. Kisha nikaazima mtungi wa gesi kwa jirani anayechomelea mageti. Moto ni dawa kweli ya kutu, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kutu inapasuka, lakini mimi niliuelekeza mahali ambapo raba ya bushi ilikuwa inawaka na mpira wa breki uko karibu. Shokapu nayo ilikuwa pale pale. Shokapu nyingi zina gesi ndani yenye mgandamizo, na ikipashwa moto inaweza kulipuka usoni mwa mtu. Nilikuwa nalijua hilo. Nilisogeza moto kidogo nikaendelea.

Mwisho nikachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana na kuliegemea kwa uzito wangu wote. Kichwa cha bolti kikakatika, nami nikaanguka chali chini ya gari.

Kufikia hapo nilikuwa sijafanya kosa lisilosameheka. Bolti za namna hii hukatika hata mikononi mwa mafundi wazoefu. Na kuikata kwa msumeno kulikofuata kulikuwa sahihi: unapitisha kipande cha msumeno wa chuma kati ya bushi na sikio la fremu, unakata upande mmoja, unahamia wa pili, mkono wa zamani unadondoka na bushi yake. Hauna thamani tena, acha uende. Kazi ilinichukua mchana kutwa, vidole vikachubuka, lakini sikio la fremu halikupata mkwaruzo. Kosa ni kwamba nilikata bila kuwa na bolti mpya mkononi, siku ya Jumapili, na maduka ya vipuri yamefungwa. Kesho yake alfajiri dada alikuwa anasafiri kwenda Lushoto na wanawe.

Nilikuwa na simu. Ningeweza kumpigia na kumwambia, dada, gari halitoki leo, panda basi. Hayo ndiyo maneno niliyoshindwa kuyasema. Siku chache nyuma alikuwa amenisifu mbele ya mjomba, kwamba mdogo wake amekuwa fundi, na sifa ile ilikuwa bado inanizunguka kichwani.

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa wazi. Bolti ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 14. Hawakuwa nayo, walikuwa na 12 na 16. Ya 16 haikuingia kwenye tundu. Ya 12 iliingia yenyewe, bila kupigwa, na urahisi ule ulipaswa kunistua. Nikaifunga kwa nguvu zangu zote, nikaweka washa kubwa pande zote mbili kuficha tundu, nikarudisha tairi, nikashusha jeki.

Nataka nieleze kwa nini jambo hili ni baya, maana nimewasikia watu wengi wakisema bolti ni bolti. Kile kichwa kilichokatika ninacho. Nilipokisugua kilionyesha namba 10, mtindo wa magari ya Kijapani. Bolti nyingine huandikwa 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza inaeleza nguvu ya chuma kuvutwa hadi kukatika: 10 ni kama megapaskali 1000, 8 ni 800. Ya pili inaeleza ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti inaweza kubeba kabla haijarefuka na kubaki imerefuka: 9 ni asilimia 90. Bolti ya kufungia mbao na mabati mara nyingi ni 4.6, au haina namba kabisa. Yangu haikuwa na namba. Na bolti ya mguu wa gari haizuii mkono kwa kukaa katikati ya tundu kama msumari. Inazuia kwa kubana. Unapoikaza inavutika kidogo sana, na kwa kutaka kurudi inayabana masikio ya fremu dhidi ya kile kibomba cha bushi kwa nguvu kubwa mno, mpaka visiweze kuteleza hata breki ikikanyagwa ghafla. Bolti laini, tena nyembamba, haiwezi hata robo ya kazi hiyo. Ukiikaza sana inarefuka na kulegea, na ikilegea, ndani ya tundu lenye nafasi ya milimita 2 pembeni yake, kila shimo la barabara linaisogeza. Inaanza kulila tundu.

Bolti hiyo ndiyo iliyompeleka dada yangu Lushoto. Wanaoijua barabara ya kutoka Mombo wanaelewa ninachosema: zaidi ya kilomita 30 za kupanda Usambara, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Kushuka ndiko kubaya zaidi, kwa sababu kila kona unakanyaga breki na kila breki inavuta mkono ule. Wanawe walikuwa kiti cha nyuma. Alifika salama, akarudi salama, akaniletea maparachichi na mapera. Nikayapokea. Nikajiambia kwamba ikiwa bolti imepita Lushoto, basi inafaa. Kuanzia hapo sikutaka tena kuifikiria.

Baadaye kidogo alipeleka gari kwa fundi wa mtaani kubadilisha pedi za breki za mbele. Ni mzee anayefanyia kazi chini ya mwarobaini, hana kibao, wateja wake ni wale wanaoambiana. Muda mfupi baada ya hapo gari likaanza kugonga mbele kushoto, na usukani ukawa unavuta ukikanyaga breki. Dada akaunganisha mambo mawili kama mtu yeyote angefanya. Alirudi kwa mzee, mzee akasema yeye amegusa pedi tu na kwamba gari lipandishwe aangalie. Dada hakukubali. Alikuwa na hasira, na akamkatia nusu ya hela iliyobaki. Kisha akasimulia kazini kwake, kanisani, na pale sokoni anaponunulia mboga. Mimi nilikuwepo siku alipomsimulia jirani mwenye Noah, mteja wa siku nyingi wa mzee yule. Jirani akatikisa kichwa, akasema basi lake nalo atalipeleka kwingine. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilijua kinachogonga ni nini, na upande gani, na kwa nini. Nikasema, "Mafundi siku hizi ni wa kuangalia."

Maneno hayo yananiuma kuliko bolti. Bolti niliiweka kwa haraka na kwa aibu. Maneno niliyasema nimekaa, nimetulia.

Ukweli ulitokea dada alipopeleka gari kupimwa alaimenti. Vijana wa pale walikataa kupima, wakasema mkono unacheza, wakalipandisha na kuichomoa bolti. Ilikuwa imepinda, na juu yake kulikuwa na mkanda unaong'aa mahali fremu ilipokuwa inaisugua. Tundu halikuwa duara tena. Dada akanipigia pale pale. "Mdogo wangu, hebu niambie wewe unayejua, yule mzee alifungua na mkono pia?" Nikajibu, "Labda." Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli nikiwa nimeulizwa waziwazi, na nikasema labda.

Usiku huo nilikwenda kwake. Nikamwonyesha kichwa chenye namba 10 nikamweleza yote, Jumapili ile, duka lile, washa zile. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Watoto walikuwa ndani ya gari, ulijua?" Nikasema nilijua. Akaingia chumbani, na mazungumzo hayakuendelea.

Kesho yake tulikwenda kwa mzee pamoja. "Shikamoo fundi." "Marahaba." Dada akamwomba radhi na kumpa hela yake yote. Nami nikasema langu. Mzee aliichukua ile bolti iliyopinda, akaigeuza kutafuta namba kichwani, hakuiona, akaniuliza niliifunga gari likiwa juu ya jeki au chini. Nikamjibu juu. Akanieleza kwamba bushi nazo nimeanza kuziua, kwa sababu zikikazwa tairi likining'inia, raba inabaki imejinyonga kila gari linaposimama kwa miguu yake, na kwamba bolti hizi hukazwa kwa mara ya mwisho gari likibeba uzito wake. Kisha akasema, "Mwenye Noah hajaonekana tena hapa. Huyo nenda wewe."

Nilikwenda. Jirani alinisikiliza, akasema amekwisha kuzoea gereji ya mjini, ila atafikiri. Hajarudi kwa mzee. Gari la dada lilitengenezwa na mzee huyo huyo: alichomelea bamba kwenye sikio la fremu, akatoboa tundu upya, akaweka bolti halisi na kuipaka grisi ile sehemu inayolala ndani ya kibomba ili kutu isishike haraka. Gharama nililipa mimi. Alitaka nishike tochi muda wote, na alinionyesha kila hatua, jambo ambalo sikustahili.

Wale wa kazini kwa dada yeye mwenyewe amewaeleza. Wa kanisani wengi wameelezwa. Waliobaki ni wale waliosikia kwa waliosikia, ambao siwajui na siwezi kuwafuata majumbani. Ikiwa uko Tanga na uliambiwa kwamba mzee wa chini ya mwarobaini alibadilisha breki za mwanamke mmoja akamharibia mguu wa gari, habari hiyo si ya kweli. Pedi alizoweka zilikuwa sawa na bado ziko kwenye gari. Bolti ilikuwa yangu.