Daftari la Mtambo

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu huwafaa wenye maduka na wenye vyombo, na huwafaa vilevile walinzi wa kompyuta kuu, mitambo ibebayo hesabu za benki, bima na serikali. Mali ya mtambo ni muda wake wa kufanya kazi. Muda huo hununuliwa kwa fedha nyingi, hugawanywa kati ya idara nyingi, na ukipotea haurudi.

Tarehe 7 Aprili, 1964, IBM ilitangaza System/360, mzazi wa ukoo wa mitambo ambao uzao wake ungali kazini hata leo. Ukoo huo una karani asiyelala, aitwaye SMF. Kazi ikianza huandika, ikiisha huandika, faili likifungwa huandika. Kila rekodi yake hubeba namba ya aina yake, jina la mfumo, tarehe na saa. Aina ya 30 husimulia kazi zilizofanywa. Aina ya 70 mpaka 79 husimulia hali ya mtambo wenyewe. Na namba 128 mpaka 255 waliachiwa watumiaji kwa rekodi zao wenyewe.

Walakini kuandika yote si kueleza yote. Rekodi za siku moja katika mtambo wenye shughuli nyingi huweza kufika mamilioni. Mtu atakaye taarifa kumi, akalisoma daftari zima mara kumi, huutwika mtambo mzigo mpya kwa ajili ya kupima mzigo wa zamani. Busara ni kulisoma mara moja. Rekodi zisizohitajiwa ziachwe mlangoni. Zinazohitajiwa zipunguzwe mpaka zibaki na mambo yatakayoulizwa. Zipangwe kwa mfumo na kwa wakati. Kisha zijumlishwe katika majedwali madogo, na kila taarifa ichotwe humo.

Kazi hii yataka uangalifu, maana karani ana lugha yake. Saa huihesabu kwa sehemu za mia za sekunde tangu saa sita ya usiku, hata saa sita kamili ya mchana kwake ni 4,320,000. Tena, rekodi moja yaweza kuwa na saa ya mahali katika kichwa chake na saa ya dunia ndani yake. Kwa mtambo ulio Nairobi au Dar es Salaam, tofauti ya saa hizo ni saa tatu. Asiyezilinganisha kwanza ataweka msongamano wa asubuhi katika alfajiri, na lawama juu ya watu waliokuwa wamelala.

Hatari ya pili ni kuhesabu jambo moja mara mbili. Rekodi ya aina ya 30 huandikwa mwisho wa kila hatua ya kazi, na huandikwa tena mwisho wa kazi nzima ikiwa na jumla ya hatua zile. Mwenye kuzijumlisha zote pamoja huitoza idara moja gharama maradufu, na idara hiyo haina njia ya kujua kwa nini imedhulumiwa.

Hatari ya tatu hujificha katika wastani. Mathalani, saa moja imegawanywa katika vipindi vinne vya dakika 15, na mtambo ukatumika kwa asilimia 40, 50, 50, kisha 100. Wastani ni 60, na msomaji wa taarifa atasema kuwa mtambo una nafasi tele. Lakini katika dakika 15 za mwisho foleni ilikuwa ndefu benki, na mteja alisimama dirishani akingoja fedha zake. Kwa hiyo jedwali dogo halina budi kutunza kilele pamoja na wastani, na idadi pamoja na jumla. Na daftari la asili lihifadhiwe, ili mwenye shaka apate pa kurejea.

Kupunguza, basi, ni kazi ya haki kabla ya kuwa kazi ya wepesi. Taarifa fupi husomwa na wakubwa, na kwa neno lake mtambo mpya hununuliwa au hukataliwa, idara hutozwa au husamehewa. Wakubwa hao hawataliona daftari. Wataona kile tu alichowaachia mwandalizi wake.